UZI: Muungwana ni nani? Kuwa na amri juu ya mtu asiyeweza kukataa kunamfanya nini mwenye amri

#1 Mwalimu wa Walukuba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumamosi.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Jinja, Uganda. Wiki iliyopita nilikuwa na kidato cha pili, somo la vinyume. Mrefu, mfupi. Tajiri, maskini. Nikaandika ubaoni "muungwana", nikijua wataniletea "mhuni" au "fidhuli". Binti mmoja wa dawati la nyuma, alikulia Mombasa akahamia huku na mamake, akanyoosha mkono akasema: "Mtumwa."

Darasa zima likacheka. Mimi nikashika chaki tu, maana ni yeye aliyepatia.

Fungueni kamusi yoyote ya zamani. Muungwana ni mtu asiye mtumwa, basi. Adabu na kauli nzuri vilipakwa juu baadaye, kama chokaa. Kanzu ya muungwana wa pwani ilikuwa nyeupe kwa sababu kuna kijakazi anayeifua, na kuna mtwana anayebeba kila kitu ambacho kingeichafua. Halafu sikieni hii: misafara ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa Zanzibar, ilipoingia Manyema huko mashariki mwa Kongo, wengi wa wale wenye bunduki walikuwa watumwa wenyewe. Lakini wakajiita waungwana, na wenyeji wakabandikwa jina la washenzi. Kile Kiswahili cha Kongo kikaitwa Kingwana kwa sababu yao. Mtu ana bwana wake Tabora, lakini akishapata wa kumkanyaga, keshakuwa muungwana.

Tumezoea kuuliza utumwa ulimfanya nini mtumwa. Ni haki aulizwe kwanza, maana mnyororo ulikuwa shingoni mwake. Leo naomba tumtazame aliyeshika ncha ya pili.

Tuanzie nyumbani. Februari 1862 yule Mwingereza Speke alikuwa kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda. Kamzawadia bunduki. Kabaka akaijaza risasi kwa mkono wake, akamkabidhi mtoto mmoja katika wale watumishi wa ikulu, akamwambia atoke uani akapige mtu. Hakusema nani. Mtoto akatoka, akarudi uso unang'aa. Speke anasema kama mtoto aliyetoka kuiba ndege kiotani. Kabaka akamuuliza kama kaifanya kazi vizuri. Vizuri sana. Na pale barazani hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani.

Kabaka mniachie, ana watetezi wake na tutafika huko. Anayenikaa kichwani ni yule mtoto. Hana amri hata juu ya kuku. Kapewa dakika tano za amri, na dakika tano zikamtosha.

Huko Marekani Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu, aliandika miaka ya 1780 kwamba mzazi akimfokea mtumwa, mtoto yuko pembeni anatazama. Anaidaka ile sura ya hasira, anaenda kuivaa mbele ya watoto wadogo wa watumwa. Aliona vizuri kuliko wengi. Naye katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600. Kuona ni kitu kimoja, wakuu.

Sasa kilichonifanya niandike. Tuna binti wa kazi, ana miaka 17, ametoka Kamuli. Jumamosi iliyopita alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Mwanangu wa miaka mitano amelala kifudifudi juu ya mkeka sebuleni anapaka rangi picha ya twiga. Penseli ikamtoka, ikabiringika, ikasimama kwenye kidole chake cha mguu. Kwenye kidole chake, wakuu. Akaita: "Weweee!" Binti akaja mbio, povu mpaka kwenye viwiko, akainama, akaokota, akampa, akarudi kwenye beseni. Twiga akaendelea kupakwa. Mtoto hakuinua macho.

Nikasema ni utoto. Jioni akaja mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, wakacheza nyumba-nyumba. Nikamsikia wangu: "Nimekwambia mara ngapi? Una masikio ya nini?" Sauti ilikuwa yangu. Hata ule mguno ninaoutoa mwishoni alikuwa nao.

Semeni.

#2 Mjukuu wa Buddu

Ssebo mwalimu, umeandika vizuri, ila kwa Speke nakukatalia kidogo. Mzungu ana siku chache tu tangu afike, anasikia kila kitu kwa mkalimani, ana kitabu cha kuuza kwao. Sisemi kisa ni uongo. Nasema alijua wasomaji wake wanataka mfalme wa namna gani.

Pili, kwetu omuddu (mtumwa) hakuwa sawa na mtumwa wa mashamba ya pamba. Wengi walikuwa mateka wa vita, kutoka Busoga, kutoka Bunyoro. Omuzaana (mtumwa wa kike) akizaa na mwenye nyumba, mtoto anaingia ukoo wa baba. Baada ya vizazi viwili huwezi kumtambua. Kwa hiyo tusichanganye mambo.

Ila nina kisa cha kukuongezea. Mwarabu wa kwanza anayejulikana kufika Buganda ni Ahmed bin Ibrahim, mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suuna II. Masimulizi yanasema siku moja Suuna aliamuru watu wauawe, na katika baraza zima lililolala kifudifudi huyu mgeni akasimama akamwambia: hawa watu wameumbwa na Mungu, huna haki ya kuwaua hovyo. Suuna hakuwahi kusikia kauli kama hiyo. Akamsikiliza, akataka kujua zaidi habari za huyo Mungu. Waislamu wa Uganda wanakihesabu kisa hicho kama mlango wao.

Sasa wewe jiulize. Huyo shujaa alikuja Buganda kufanya nini? Biashara. Nguo, shanga na bunduki ziingie, pembe na watumwa watoke. Ulimi ule ule uliomkanya mfalme juu ya roho za watu ndio ulioshuka uani kupatana bei.

#3 Dereva wa Elegu

Mwalimu umenigusa pabaya.

Nimeendesha malori miaka kumi na minane, Mombasa–Malaba–Elegu–Juba. Tanboi (utingo) wangu wa kwanza tulikula sahani moja. Wiki ya kwanza namwambia "ndugu, nisaidie kuangalia tairi." Mwezi wa pili nimeacha "ndugu". Mwezi wa nne navua viatu, natupa nje ya dirisha la kebini, najua asubuhi nitavikuta vimesafishwa. Hakuna mtu aliyenifundisha. Siku moja Karuma nilimwona anakula chini ya trela, amejikunyata kwa sababu ya mvua, mimi nimelala kebini na kiti cha pili kiko wazi. Sikumkataza kupanda. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba anaweza kupanda.

Kingine. Ukikwama Gulu kwa makaratasi, panda boda nenda Patiko, kama kilomita thelathini hivi kaskazini. Ni majabali makubwa. Waliokuwa pale kwanza ni wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum. Waacholi wanawaita Kutoria. Mwaka 1872 Samuel Baker akawatimua akaligeuza boma lake. Mwongozaji atakuonyesha mahali watu walipofungiwa kati ya mawe, na makovu kwenye jabali anayosema ni ya shoka. Nilikaa pale saa nzima. Nilichokuwa nakitafuta ni mahali mabwana walipokuwa wanakaa. Nikakuta ni hapo hapo juu ya jabali, penye upepo mzuri, unaona mpaka mbali. Chai lazima ilinywewa pale.

Na Baker mwenyewe si malaika. Katumwa na mtawala wa Misri kukomesha biashara ya watumwa, lakini mwaka huo huo kabla ya Patiko alishaichoma Masindi, mji wa Kabalega mfalme wa Bunyoro.

#4 Kichwa Ngumu

Mnazunguka sana. Mtu mbaya ni mbaya, mwema ni mwema. Mpe mwema watumwa mia, atabaki mwema. Mpe mwovu paka, atamtesa paka.

#5 Mwalimu wa Walukuba

@Kichwa Ngumu, ngoja nikupe mwema.

Baltimore, Marekani, miaka ya 1820. Mwanamke anaitwa Sophia Auld. Kabla ya kuolewa alikuwa akifuma nguo kwa mikono yake, anakula jasho lake, hajawahi kumiliki mtu. Analetewa mtoto mtumwa wa miaka kama minane, Frederick. Mtoto amezoea kuinamisha kichwa mbele ya wazungu. Mama huyu hapendi; anataka amtazame usoni. Anamfundisha a, b, c. Anafika mpaka maneno ya herufi tatu, nne.

Mumewe anagundua, anakataza mbele ya mtoto mwenyewe: ukimfundisha huyu kusoma, hatafaa tena kuwa mtumwa. Sophia anatii. Mngedhani ataishia kuacha tu kufundisha. La. Anamzidi mumewe. Akimwona mtoto na gazeti mkononi anamrukia kwa ghadhabu, anampokonya. Akikaa kimya chumba cha pili muda mrefu, anaitwa aeleze alikuwa anafanya nini.

Frederick Douglass alijifunza kusoma kwa watoto wa kizungu mtaani, akiwalipa kwa vipande vya mkate. Alitoroka mwaka 1838 na mwaka 1845 akachapisha habari za maisha yake. Anasema waziwazi kwamba utumwa ulimharibu huyo mama kama ulivyomharibu yeye.

Mimi naielewa hivi: ukishamzuilia mtu kilicho haki yake, kila ukimwona anakukumbusha. Hapo una njia mbili. Umrudishie, au umtafutie kosa ili ustahili kumzuilia. Sophia alikuwa mwema, kwa hiyo asingeweza kuishi na dhuluma bila sababu. Akatengeneza sababu. Mtu mwovu kabisa hahitaji hata kutengeneza.

#6 Kadama Mstaafu

Sikutaka kuandika ila huyo Sophia namjua. Nimekaa naye miaka miwili na nusu, nikifanya kazi za ndani huko Ghuba, Uarabuni.

Nilifika usiku. Madamu alinikuta natetemeka, sijazoea baridi ya ndani ya nyumba, akatoa shali lake akanifunika. Nakumbuka harufu yake mpaka leo. Akaniuliza nina watoto wangapi, akatokwa machozi niliposema mdogo ana miezi kumi na minne. Nikampigia mama yangu Mbale kwa simu ya madamu mwenyewe, nikamwambia mama, Mungu amenipa mtu.

Pasipoti ilikuwa imeshachukuliwa. Iliwekwa kabatini, akasema ni kwa usalama. Sasa angalieni jinsi ilivyokuwa. Mwanzoni aliniomba, kwa lugha ya mikono: tafadhali, maji. Halafu akaacha tafadhali. Halafu akaacha jina langu, nikawa "kadama", yaani mtumishi, au nikawa kengele. Mwezi wa tano akaanza kuhesabu vipande vya nyama kwenye friji. Mwezi wa nane alikuwa anasema sisi watu weusi hatuchoki, ndivyo Mungu alivyotuumba, kwa hiyo nilale saa nne tu. Alikuwa anasema kwa upole! Anaamini kabisa.

Aliyenipiga wa kwanza hakuwa yeye. Ni mtoto wake wa miaka sita, kwa kiatu, kwa sababu nilimzimia televisheni. Nikamtazama mama yake. Akacheka kidogo, ile ya "watoto bwana". Tangu siku hiyo hata yeye mkono ukawa mwepesi. Mwalimu wewe unasema mtoto anajifunza kwa mzazi. Kwangu mimi nilimwona mzazi akijifunza kwa mtoto.

Jambo la mwisho. Wiki moja nilipougua, alishindwa kuwasha jiko. Mwanamke wa miaka arobaini amesimama jikoni kwake kiberiti mkononi, analia, ananitukana.

#7 Boda wa Kisenyi

Kwa hiyo tuache na shikamoo? Maana nasikia asili yake ni "nashika miguu yako". Mimi nikiacha, mama mkwe atanifukuza mjini 😂

#8 Mjukuu wa Buddu

@Kadama Mstaafu, nnyabo, pole sana. Mungu akulipe.

Bado narudi kwenye hoja yangu, mwalimu asinikimbie. Madamu huyo alikuwa na kanuni za nchi nyuma yake na pasipoti kabatini. Nasema katika jamii zetu, na hata Zanzibar kwa Waislamu, mtumwa alikuwa na haki zake kidini: alishwe, avishwe, asipewe kazi asiyoiweza, na kumwacha huru ni thawabu. Utumwa wenye mipaka hauharibu kama usio na mipaka.

#9 Mwalimu wa Walukuba

Mzee wangu, mipaka ilikuwepo, sikatai. Na kwa aliyeshikwa, tofauti ya bwana anayepiga na asiyepiga ni kubwa mno. Sitaki kuipuuza nikiwa nimekaa kwenye kochi. Ila upole huo ulikuwa mkononi mwa nani? Mtumwa hakuweza kuudai barabarani kama mtu anavyodai chenji yake. Akipewa, anashukuru. Na mwenye kushukuriwa kila siku kwa kutokuwa katili anaanza kujiona walii.

Mfano ninao wa Zanzibar hiyo hiyo. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa mwaka 1844. Msichana jasiri: alijifundisha kuandika kwa siri, mwaka 1866 akatoroka kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akaishi Ujerumani akiitwa Emily Ruete, akachapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Anapofika kwenye utumwa anautetea. Watumwa walikuwa wanatunzwa vizuri, Wazungu hawaelewi, Mwafrika bila kusukumwa hafanyi kazi. Sasa mama yake Salme alikuwa nani? Jilfidan, Mcherkesi, suria. Mwanamke aliyetekwa akiwa mtoto akauzwa. Binti anamlilia mama yake katika kurasa zile zile, kwa mapenzi ya kweli, na bado hazishiki hizo nyuzi mbili akazifunga pamoja. Hapo ndipo ninapopaita kuharibika, mzee. Hajampiga mtu. Jicho lake moja tu limefungwa, na hajui kama limefungwa.

Hata kufuta kwenyewe kulifuata jicho hilo. Amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 iliondoa utumwa kisheria, na wenye watumwa ndio waliolipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909, kwa kuwa mambo ya nyumbani mwa mtu yaheshimiwe.

@Boda, shikamoo endelea nayo tu. Mama mkwe hujamkamata vitani.

#10 Kichwa Ngumu

Sawa, Sophia nimemkubali. Lakini mwalimu, unalipa mshahara, binti anaweza kuondoka kesho. Kumlinganisha na mtumwa ni kuwatukana waliouzwa kweli.

#11 Mwalimu wa Walukuba

Kweli, na ndiyo maana sikusema ni mtumwa. Anaweza kuondoka. Nilipojaribu kuhesabu njia zake za kuondoka, hata hivyo: nauli ya Kamuli anayo nani? Mimi. Simu yake ina chaji ya nani? Mtu wa kumlalamikia ni mama watoto, naye ni wangu. Si mnyororo. Ni uzi. Ila mwanangu keshajua upande gani wa uzi unavutwa.

#12 Dereva wa Elegu

Yule tanboi alikuja kuwa dereva. Tulikutana Malaba, foleni, mwaka juzi. Akanisalimia kwa heshima zote, akaninunulia chapati na maharage. Nyuma yake kulikuwa na kijana mwembamba amesimama juani ameshika viatu vya mtu. Nilitaka kusema kitu. Chapati ilikuwa mdomoni.

#13 Kadama Mstaafu

Mwalimu, nimesoma uzi wote mara mbili. Penseli tumeiona, twiga tumemwona, povu tumeliona. Umewahi kumuuliza huyo binti mwenyewe?

#14 Mwalimu wa Walukuba

Dada, umenikamata. Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Nilimwita akae kwenye kiti, akakaa pembeni kabisa mwa kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Nikamwambia kuanzia leo mtoto ataokota vitu vyake, atamwita dada kwa jina lake, na asipofanya hivyo asiitike. Nikamwambia Jumapili ni yake mpaka jioni. Nilisema kwa kirefu, mnanijua. Nadhani niligusia mpaka Zanzibar.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, mwalimu." Halafu akauliza ile elfu hamsini iliyobaki ya mwezi wa pili nitampa lini.

Nilikuwa nimeisahau. Yeye anaikumbuka mpaka tarehe. Nimemtumia kwa simu nikiwa bado nimesimama pale, na nimesikia ya kwake ikilia jikoni.